Wali wa Kichina hauwi salama kwa sababu tu ni wali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nisahihishe jambo moja lililochapishwa katika safu ya mapishi ya gazeti lako mwezi uliopita, na nikishalisahihisha niongeze machache ambayo niliyafundisha darasani kwa miaka mingi na ambayo sasa nayapika jikoni kwangu hapa Dodoma. Safu hiyo ilieleza namna ya kupika wali wa kukaanga wa Kichina. Ilitaja mchele, mayai, karoti, njegere, majani ya vitunguu, mafuta na vijiko 3 vya sosi ya soya, kisha ikamalizia kwa kuwahakikishia wasomaji kwamba chakula hicho kinawafaa hata wale wasioruhusiwa kula ngano, kwa kuwa ni wali na wala si mkate. Mwandishi wako alikuwa na nia njema, nami nimekuwa nikisoma safu yake kwa furaha. Hata hivyo, ngano imo katika mapishi hayo, tena imo katika vile vijiko 3.

Sosi ya soya ya asili hutengenezwa kwa kupika soya, kuzichanganya na ngano iliyokaangwa na kupondwa, kuupandikiza mchanganyiko huo ukungu wa aina maalumu, kisha kuuloweka katika maji ya chumvi kwa miezi kadhaa kabla ya kuukamua. Katika sosi ya kawaida ya Kijapani, soya na ngano hutiwa kwa vipimo vinavyokaribiana. Jina la chupa linataja soya peke yake, na hapo ndipo watu wengi wanapokwama, kwa sababu hakuna anayefikiri kutafuta ngano ndani ya kimiminika cheusi chenye chumvi. Ipo aina moja ya Kijapani iitwayo tamari ambayo kwa kawaida haina ngano au huwa nayo kidogo sana, lakini hata hiyo inabidi lebo yake isomwe kila mara, na kwa mtu mwenye mzio wa soya haisaidii chochote.

Jambo hili nimelijua kwa gharama. Mjukuu wangu, ambaye sasa ana miaka 9, alianza kuharisha na kuvimba tumbo alipokuwa mdogo, akakonda, akapungukiwa damu, akatibiwa minyoo na amiba zaidi ya mara ambazo naweza kuzihesabu, mpaka daktari mmoja mwenye subira alipoagiza kipimo cha damu na baadaye kipande kidogo cha utumbo kikachukuliwa na kuchunguzwa. Alikutwa na ugonjwa wa siliaki. Tuliondoa chapati, maandazi, mkate na tambi nyumbani, akanenepa, tukashukuru Mungu. Kisha, siku ya kipaimara cha dada yake, tulikwenda kula katika hoteli moja mjini, nikauliza kama wali wa kukaanga una ngano, na kijana aliyetuhudumia akanijibu kwa adabu kabisa kwamba, "Bibi, humo hakuna ngano, ni wali na kuku tu." Usiku ule mtoto hakulala. Sikumlaumu yule kijana, kwa maana mimi mwenyewe, niliyefundisha sayansi kimu kwa miaka 31, nilikuwa na chupa ya sosi hiyohiyo kabatini na sikuwahi kuigeuza nikasoma maandishi ya nyuma.

Gluteni ni jina la protini zilizomo katika ngano, shayiri na nafaka moja ya nchi za baridi iitwayo rai. Neno lenyewe lilitoka katika Kilatini likiwa na maana ya gundi, na kila aliyewahi kukanda unga wa chapati anaifahamu gundi hiyo kwa vidole vyake, kwa kuwa ndiyo inayoufanya unga uvutike bila kukatika. Kwa mwenye siliaki, kinga ya mwili huichukulia protini hiyo kuwa adui na katika kupigana nayo huharibu ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba, mahali ambapo virutubisho hufyonzwa. Aliyeonyesha kwamba chanzo ni ngano alikuwa daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, katika miaka ya 1940. Wakati wa njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika nchini mwao, watoto waliokuwa na ugonjwa huo walipata nafuu, na mkate uliporudi nao wakaanza kuugua tena. Hadi leo tiba iliyopo ni kuacha gluteni maisha yote.

Lazima niseme hapa, kwa sababu naona watu wanachanganya, kwamba siliaki si mzio wa ngano. Mzio hutokea upesi, pengine katika dakika chache, kwa vipele, kuvimba midomo, kutapika, au kushindwa kupumua, na mtu akifikia kubanwa koo hukimbizwa hospitali bila kusubiri kama hali itatulia. Siliaki hufanya kazi yake polepole na kwa siri. Zaidi ya hayo, mtu anayejishuku kuwa na siliaki asiache ngano kabla ya kupimwa, kwani akishaiacha kwa muda, vipimo vinaweza kuonyesha kwamba ni mzima ilhali si mzima.

Mwandishi wako aliitaja ngano peke yake, lakini katika chakula kile kimoja mlikuwa pia na soya na mayai, na mpishi mwingine angeongeza mafuta ya ufuta na uduvi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 ilitaja vyakula 8 vinavyosababisha mizio mingi zaidi, navyo ni maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, karanga, kokwa za miti kama korosho na lozi, ngano, na soya. Ufuta uliongezwa kwa sheria ya mwaka 2021 iliyoanza kutumika Januari 2023. Umoja wa Ulaya una orodha ya vitu 14. Mtu akizitazama orodha hizo huku akifikiria jiko la Kichina, la Kithai au la Kihindi, anaweza kukata tamaa mara moja, kwa kuwa karibu kila kimoja kimo. Nami nilikata tamaa kwa miezi kadhaa, nikampikia mtoto ugali na maharage kila siku huku wenzake wakila biriani. Baadaye niligundua kwamba nilikuwa naanzia mahali pasipofaa: nilikuwa nikichukua chakula chenye ngano na kutafuta cha kuiziba nafasi yake, badala ya kutafuta vyakula ambavyo Waasia wenyewe huvipika pasipo ngano tangu zamani.

Katika jambo hili sisi watu wa Dodoma tuna bahati ambayo hatuijui. Mtama na uwele, nafaka ambazo bibi zetu wa Kigogo walizilima kwa sababu mahindi huungua kwa jua la hapa, asili yake ni Afrika, na zilivuka bahari kwenda India zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Huko zimekuwa chakula cha kila siku cha mamilioni ya watu. Katika majimbo ya Maharashtra na Karnataka, mkate wa mtama uitwao bhakri huliwa na mchuzi wa dengu au bilinganya. Huko Rajasthan na Gujarat hupikwa mkate wa uwele, hasa majira ya baridi. Umoja wa Mataifa, kwa pendekezo la India, uliufanya mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka hizi, na nakumbuka nilisikitika kidogo kuona kwamba hapa kwetu vijana wengi bado wanauona ugali wa uwele kuwa chakula cha shida. Nafaka zote mbili hazina gluteni. Mtu anayeagiza unga maalumu kutoka Dar es Salaam kwa bei ya kutisha ili ale chapati isiyo na ngano, huku debe la mtama likiuzwa Soko la Majengo, anapoteza fedha zake bure.

Mkate huo hauna siri kubwa, ila hauvumilii kupikwa kama chapati ya ngano. Ukitia maji baridi katika unga wa mtama na kuusukuma, utakatika vipandevipande, kwa sababu ile gundi haimo. Dawa yake ni maji yanayochemka. Chemsha kikombe 1 na nusu cha maji yenye chumvi kidogo, mimina humo vikombe 2 vya unga wa mtama uliochekechwa vizuri, koroga kwa mwiko kama unayeanza ugali, epua, funika kwa dakika 10, kisha ukande kwa kiganja ungali na joto mpaka ulainike. Wanga uliopikwa nusu ndio unaoshika sasa. Chukua donge, ligandamize kwa vidole juu ya kitambaa kibichi au kati ya karatasi mbili za nailoni, liweke kwenye kikaango cha chapati kilichopata moto sana bila mafuta, paka maji upande wa juu kwa mkono, na maji yakikauka ligeuze. Likiwekwa kidogo juu ya makaa hufura kama puto. Kwa kweli ni ugali uliogeuzwa kuwa chapati, na mama mkwe wangu, ambaye hakuwahi kusikia neno gluteni, alipouonja alisema kwamba Wahindi wametuibia.

Choroko nayo inatenda maajabu. Katika jimbo la Andhra Pradesh huko India kuna chapati nyembamba ya maji iitwayo pesarattu, inayopikwa kwa choroko za kijani ambazo hazihitaji kuchachushwa. Naloweka vikombe 2 vya choroko na robo kikombe ya mchele usiku kucha, asubuhi nasaga kwa blenda pamoja na tangawizi, pilipili mbichi, chumvi na maji mpaka upatikane uji mzito kama wa vitumbua, kisha namimina upawa mmoja kwenye kikaango na kuuzungusha kwa mgongo wa upawa hadi usambae. Hakuna yai, hakuna maziwa, hakuna ngano, hakuna soya. Ukila na chatine ya nazi, au ya nyanya kwa yule asiyeipenda nazi, huhitaji kitu kingine mpaka mchana.

Mchuzi wa kusindikiza tunao pia. Dali ya njano ambayo Wahindi huipenda sana hutengenezwa kwa mbaazi zilizokobolewa, na mbaazi ni zao la wakulima wetu wa Kondoa na Babati, ambao wanakumbuka vizuri jinsi bei ilivyoporomoka baada ya India kuweka mipaka ya kuingiza mbaazi mwaka 2017. Wakati ule niliwaza kwamba tungekuwa tumejifunza kuzila sisi wenyewe kwa njia nyingi zaidi, pigo lile lingepungua walau kidogo. Chemsha mbaazi zilizokobolewa kwa binzari manjano hadi zipondeke, kisha katika kikaango kidogo pasha mafuta ya alizeti, tia binzari nyembamba, vitunguu saumu na pilipili kavu, na vikianza kutoa harufu vimwagie juu ya dali palepale. Tahadhari ni mbili tu. Wapishi wengi hutumia samli, na samli ni maziwa hata kama haifanani nayo. Wengine hutia hing, kiungo chenye harufu kali kinachouzwa kikiwa unga, ambacho mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano ili kisigandane. Usipoona kwenye kopo kwamba kimechanganywa na unga wa mchele, kiache.

Viungo vya paketi ndivyo vinavyoniogopesha kuliko vyote, kwa kuwa huaminiwa bila kuulizwa. Baadhi ya binzari za mchuzi huongezewa unga ili ziwe nyingi. Sosi ya chaza ina chaza, na aghalabu soya na ngano pia. Vikopo vya viungo vya Kithai huwa na uduvi waliosagwa. Manda za sambusa, suji, na tambi za paketi zinazoiva kwa dakika 3 ni ngano tupu, jambo ambalo ni dhahiri kwangu na kwako lakini si kwa mtoto wa shule mwenye shilingi mia tano mkononi. Kuna hata kile chakula cha Wabuddha wa China na Japani kinachoitwa nyama ya mimea, ambacho ni gluteni yenyewe iliyooshwa wanga wote ukatoka. Mtu akikaribishwa nacho na kuambiwa hakina nyama, asidhani kwamba amepona. Kwa upande mwingine, mchele unaonata unaotumiwa na Wathai na Walao hauna gluteni hata chembe, kwa sababu kunata kwake kunatokana na aina ya wanga. Nimeona watu wakiukataa kwa hofu isiyo na msingi.

Sasa niirudie sosi, maana bila rangi ile na chumvi ile wengi husema chakula si cha Kichina. Katika vyakula vingi vya Vietnam vinavyopikwa taratibu, wekundu wa nyama hutokana na sukari iliyounguzwa. Nimeazima ujanja huo. Naweka vijiko 2 vya sukari kwenye sufuria ndogo kavu, naacha iyeyuke na kufikia rangi ya chai ya rangi iliyokolea, nasogea nyuma kidogo na kumimina nusu kikombe cha supu ya mifupa iliyo moto, kwa uangalifu kwa sababu huruka. Kisha natia ukwaju uliokamuliwa, chumvi, tangawizi na vitunguu saumu vilivyotwangwa, nachemsha mpaka ipungue nusu. Siwezi kudai kwamba ni sosi ya soya, na mtu aliyeizoea ya chupa ataitambua tofauti kwa kijiko cha kwanza. Hata hivyo ina chumvi, ukali, utamu na rangi, na ukwaju tunao wa kutosha katika mkoa huu kiasi kwamba watoto huuokota njiani.

Kwa sosi hiyo, kile chakula cha safu yako kinapikika bila shida. Uwe na kiporo cha wali, na mimi hupenda mchele wa Bahi kwa kuwa hauniharibikii. Karai lipate moto mkali hadi mafuta yaanze kutetemeka. Vitunguu, karoti na pilipili hoho vikaangwe kwa haraka vikiwa bado vigumu kidogo. Kuku aliyekatwa vipande vyembamba na kuvingirishwa katika wanga wa mahindi au wa muhogo atangulie kukaangwa na kutolewa. Wali uingie mwisho, na sosi imwagwe pembeni mwa karai ili ikutane na moto kwanza. Mayai yaachwe tu ikiwa kuna asiyeyala. Hakuna kinachoharibika.

Kuhusu karanga nitasema zaidi kidogo, kwa sababu hapa ndipo mila yetu na jiko la Kiasia vinapokutana vibaya. Huu ndio mkoa ambao Waingereza waliuchagua kwa ule mradi mkubwa wa karanga, kule Kongwa, ulioanza 1947 na kuachwa 1951 baada ya ardhi ngumu na ukame kuwashinda. Wao walishindwa, lakini karanga haikuondoka: iko katika mlenda, katika mchicha, katika uji wa watoto, na anayesema hawezi kuila huonekana anaringa. Binti wa jirani yangu ana mzio wake, na mara ya kwanza mama yake aliposema hivyo katika kikao cha jumuiya, kuna mzee aliyecheka. Mishikaki ya Kiindonesia huliwa na mchuzi wa karanga, na tambi za mchele za Kithai hunyunyiziwa karanga zilizopondwa. Kwa binti huyo natumia mbegu za alizeti zilizobanguliwa, nikazikaanga polepole hadi zigeuke rangi na kuzitwanga kwa tui la nazi, ukwaju, sukari na pilipili. Alizeti ya Singida na Dodoma hatuitumii ipasavyo. Tunakamua mafuta na kuyaacha mashudu kwa ng'ombe. Wale waliozoea kutia magadi kila mahali, kama tunavyofanya kwenye mlenda, wasiyatie humo, kwani mbegu za alizeti zikikutana na magadi hubadilika kuwa za kijani. Si sumu, lakini hakuna mgeni atakayekula.

Biriani ina mtindi na mara nyingi korosho. Mtindi huo naubadilisha kwa tui zito lenye ndimu, na korosho sizirudishi kwa namna yoyote. Mchuzi wa Kithai wa nazi, wenye mchaichai, tangawizi, pilipili na maji ya ndimu, hauhitaji mabadiliko ila kuondoa ile sosi ya samaki na kutia chumvi.

Lililobaki ni la mashine ya kusaga, ambalo sijawahi kuliona likitajwa gazetini. Mtama hauna gluteni unapotoka shambani, lakini unaweza kuipata njiani. Mashine nyingi za mitaani husaga mahindi na mtama, na pia husaga unga wa lishe, ambao wauzaji huuchanganya mahindi, ngano, soya, karanga na wakati mwingine ufuta na dagaa. Kwa maneno mengine, karibu orodha yote ya mizio hupita katika tundu moja. Kiwango cha kimataifa cha Codex huruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni kikiwa na gluteni isiyozidi miligramu 20 katika kilo moja. Gramu 1 ya unga wa ngano hubeba gluteni ya karibu miligramu 80, na hivyo vumbi la gramu 1 lililobaki kwenye kona ya mashine linatosha kuvusha kilo 3 za unga wako mpaka huo. Mimi nilimwomba mwenye mashine wa mtaani kwetu anisagie alfajiri baada ya kufagia, akakubali, lakini nilipofikiri vizuri nikaona hata hivyo nambahatisha mtoto. Sasa nasaga nyumbani kwa mashine ndogo ya mkono. Inachosha mabega. Mwiko wa mbao, ungo na chekecheke vya mtoto navyo vimetengwa, kwa sababu unga hujificha katika nyufa zake, na mafuta yaliyokaangia maandazi hayakaangii bajia za dengu hata kama bajia zenyewe hazina ngano.

Kwa wenye hoteli na mama lishe sina ugomvi. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016 mji umepanuka na vyakula vya kigeni vimeongezeka, nami nafurahi. Ningependa tu mhudumu anapoulizwa juu ya ngano, karanga au mayai, aende jikoni akamuulize aliyepika na kutazama chupa, na kama hajui aseme hajui, jambo ambalo kwa mteja mwenye mzio ni jibu zuri sana. Nayo Shirika la Viwango Tanzania, lililokabidhiwa usimamizi wa usalama wa chakula mwaka 2019, ningeliomba lisisitize kwamba sosi na viungo vinavyoingizwa kutoka nje viwe na maelezo ya Kiswahili ya vyakula vyenye mzio, yaliyoandikwa kwa herufi zinazosomeka na mtu wa umri wangu bila miwani miwili. Dukani nimeshika chupa ambayo maandishi yake yote yalikuwa ya Kichina, nikairudisha ilipokuwa.

Kwako wewe, Mhariri, ombi langu ni dogo. Chapisha sahihisho kuhusu vile vijiko 3 vya sosi, mahali palepale na kwa ukubwa uleule wa mapishi ya awali, kwa sababu aliyekata kipande kile cha gazeti na kukibandika jikoni hatasoma ukurasa wa barua. Na kuanzia toleo lijalo, kila mapishi yawe na mstari mmoja chini yake unaotaja kama ndani yake mna ngano, maziwa, mayai, samaki, kamba, karanga, korosho, soya au ufuta.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa sayansi kimu,
Kikuyu, Dodoma.